WALIOZALIWA TAREHE MOSI JULAI

KAMATI YA HAMASA YA KURA
JAMII YA WENYEJI WA ASILI WA ZIWA LA MAWE MAWILI, KASKAZINI MWA ONTARIO, KANADA

Kumbukumbu za kikao cha saba, kilichofanyika Alhamisi tarehe 13 Machi 2025, siku ya mwisho ya kura ya Sheria ya Ardhi, katika ukumbi wa jamii, chumba kinachopakana na studio ya redio.

WALIOHUDHURIA
1. Bi. Philomene Okeese – Mwenyekiti
2. Mzee Gaspard Sakanee – Mjumbe, mtangazaji wa redio ya jamii
3. Bw. Darcy Beaver – Mjumbe, mwalimu, msimamizi wa mambo ya simu na kompyuta
4. Bi. Noreen Yellowhead – Mjumbe, mkazi wa Winnipeg (alionekana kwenye skrini)
5. Bi. Lavina Wabasse – Katibu, ambaye pia ni msajili wa wanachama

ALIYEALIKWA
Bi. Huguette Paquette – Afisa wa Uchaguzi (kwa simu, kutoka Thunder Bay)

ASIYEHUDHURIA, BILA TAARIFA
Bw. Clifford Wabasse, mume wa Katibu. Wajumbe wote waliokuwa ukumbini walimwona dirishani akipita na pikipiki ya theluji, amebeba vifaa vya kuvulia samaki. Asiyekuwepo na lake halipo. Katibu atalimaliza suala hili nyumbani.

KUMB. NA. 1/7/2025: KUFUNGUA KIKAO

Kikao kilifunguliwa saa 8:05 mchana kwa sala ya Mwenyekiti, ambayo kwa mara ya kwanza tangu kamati iundwe haikufika dakika tano. Mwenyekiti alisema leo Mungu mwenyewe anaangalia saa.

Mwenyekiti alikumbusha kwamba kura inafungwa saa 12:00 jioni. Wanachama wenye haki ya kupiga kura ni 812, na wasipotimia watu 300 waliopiga kura, iwe ya ndiyo au ya hapana, kura zote zinatupwa bila kufunguliwa. Miaka miwili iliyopita kura ilipigwa kwa karatasi humu ukumbini, wakapatikana watu 239, na hadi leo hakuna anayejua jamii ilitaka nini. Ikishindikana tena, sharti ipite miaka mitano kabla ya kujaribu upya. Hadi hapo mtu akitaka kuchimba kokoto kando ya ziwa letu ataendelea kuomba ruhusa serikalini Ottawa badala ya kuiomba kwetu, kwenye ofisi ambayo barua iliyotumwa bata bukini wakija hujibiwa bata bukini wakiondoka.

Mwenyekiti alisema, "Miaka mitano mimi sina uhakika nayo. Nataka kuiona leo." Hapo Mzee Gaspard aliomba chai.

KUMB. NA. 2/7/2025: KUTHIBITISHA KUMBUKUMBU ZA KIKAO KILICHOPITA

Mzee Gaspard alipinga. Alisema kumbukumbu za kikao cha sita zimeandika kwamba yeye "alitoa maoni kuhusu upigaji kura kwa simu," wakati kila mtu anajua kwamba alifoka, akagonga meza, na kikombe kikaanguka. Alidai Katibu anamlainisha. "Niandike nilivyo, binti yangu. Nikifa wajukuu wasome, waseme, huyu hapa babu."

Mwenyekiti alisema hana pingamizi, ila akimwandika Mzee Gaspard alivyo, basi amwandike na yeye alivyo. Iliamuliwa kwamba Katibu aandike maneno kama yanavyosemwa. Kumbukumbu zilithibitishwa baada ya kuongezwa maneno "alifoka" na "kikombe".

KUMB. NA. 3/7/2025: TAARIFA YA WALIOPIGA KURA

Bw. Darcy alieleza kwamba kila mwanachama alitumiwa barua yenye namba ya siri. Mpiga kura huingiza namba hiyo kwenye simu au kompyuta, kisha tarehe yake ya kuzaliwa, kisha anachagua. Hesabu ya waliokwisha kupiga kura huonekana kwenye skrini na hubadilika kila baada ya dakika kumi. Majina hayaonekani, wala uchaguzi wa mtu hauonekani.

Hadi saa 8:20 walikuwa wamefika 268. Wajumbe walipiga makofi. Bi. Noreen alipiga kelele hadi skrini ikakoroma.

Bw. Darcy aliendelea kwamba kati ya hao, 171 wanaishi nje ya jamii. Miaka miwili iliyopita watu wa nje waliopiga kura walikuwa tisa tu, nao ni wale waliokuwa wamekuja mazishini. Alitaja picha ya video ya Bi. Rosalie Moonias akikaanga mkate wa kikaangoni huku akieleza hatua za kupiga kura, ambayo imetazamwa mara elfu nne. Mzee Gaspard aliuliza hao elfu nne ni akina nani ilhali sisi wote ni 812. Bw. Darcy alisema wengine walitaka mkate.

Bw. Darcy alieleza pia kwamba juzi ulisambaa uvumi kwenye simu kwamba atakayepiga kura atafutwa kwenye orodha ya wanachama. Bi. Noreen aliukanusha kwa sauti yake mwenyewe katika makundi yote ya Winnipeg, na siku hiyo hiyo kura zikaongezeka ishirini na mbili. Bi. Noreen alisema, "Mnatuita watu wa mjini, mnasema tumesahau kwetu. Haya, nani amepiga kura? Nyinyi mlioko nyumbani mko 97! Mnangoja nini, tuje tuwabebe mgongoni?"

Mzee Gaspard alimjibu kwamba mtu anayenunua samaki dukani asimfundishe yeye mambo ya ziwa. Bi. Noreen alimjibu kwamba samaki huyo anamnunua akiwa na barua yake ya kura mkononi, je, Mzee ya kwake iko wapi? Mzee Gaspard alisema chai imepoa.

Mwenyekiti aliwataka wajumbe waache mipasho, lakini akakiri kwamba swali la Bi. Noreen ni la haki. Watu wa mbali wameingia mlangoni, wa nyumbani wamebaki nje. Kwa nini?

KUMB. NA. 4/7/2025: WAZEE WALIOFUNGIWA NJE

Saa 8:50 Afisa wa Uchaguzi alipiga simu, akawekwa kwenye kipaza sauti. Alieleza kwamba amegundua jambo la ajabu. Watu 34, wote wa Ziwa la Mawe Mawili na wote wenye umri mkubwa, wamejaribu kupiga kura wakakataliwa. Mashine hufunga baada ya makosa matatu. Alisema kosa si la namba ya siri, kosa ni la tarehe ya kuzaliwa.

Bw. Darcy alisema huenda ni macho, au vidole, na akajitolea kuzunguka nyumba kwa nyumba na miwani ya ziada. Mwenyekiti hakusema kitu. Katibu aliona jambo hilo si la kawaida, akaliandika.

Kwa idhini ya kikao Katibu alimpigia Bi. Rosalie, ambaye pamoja na umaarufu wake wa mkate alikuwa miongoni mwa waliofungiwa. Mazungumzo yalikuwa hivi:

"Shangazi, uliandika tarehe gani?"
"Niliyozaliwa. Kumi na tisa Februari. Mama aliniambia kulikuwa na tufani ya siku tatu."
"Kwenye rejista umeandikwa mosi Julai."
"Hiyo ni ya padri, mwanangu. Wameniuliza nilizaliwa lini, hawakuniuliza padri alikuja lini!"

Hapo Mzee Gaspard alicheka hadi akashika meza. Alieleza, kwa faida ya Afisa wa Uchaguzi na ya Bw. Darcy aliye mdogo, kwamba kiangazi kimoja padri alishuka na ndege ya majini kuandikisha watoto. Hakuwa na muda, ndege ilikuwa inamngoja. Akaandika tarehe ya siku hiyo, mosi Julai, kwa kila mtoto, na mwaka akaukadiria kwa kutazama meno. Alirudi siku hiyo hiyo viangazi vilivyofuata. "Safari ile moja tu walizaliwa watoto kumi na mmoja, Bi. Paquette. Mapacha kumi na mmoja wa mama saba! Hata sungura hawajafika huko."

Afisa wa Uchaguzi alisema orodha yake ndiyo hiyo aliyopewa. Alieleza kwamba anaweza kumfungulia kila aliyefungiwa, mradi mwenyewe apige simu, na safari hii aingize tarehe iliyo kwenye orodha.

Bi. Noreen aliuliza kwa nini kamati yenye katibu ambaye ndiye msajili, anayeona tarehe hizo mosi Julai kila siku ya Mungu, haikuliona hili mapema. Katibu alikubali kosa. Amezoea kuziona kama watu walivyozoea kuona nyufa za ukuta wa nyumba yao. Anaomba radhi kwa maandishi haya.

Iliamuliwa wazee wajulishwe mara moja. Hata hivyo, Katibu alisisitiza kwamba hawezi kusoma tarehe za watu hadharani. Kila mtu ataambiwa yake peke yake.

KUMB. NA. 5/7/2025: BINGO YA REDIONI

Mwenyekiti alikumbusha kwamba katika kikao cha sita aliomba bingo, mchezo wa namba wa redioni wa saa 10:00 alasiri, iahirishwe siku ya kura, na Mzee Gaspard akakataa (akafoka, kikombe kikaanguka). Mzee Gaspard alisimamia msimamo wake, kwamba bingo haijawahi kuahirishwa tangu redio ifunguliwe, hata siku mnara ulipoangukiwa na mti alizunguka akiita namba kwa kipaza sauti cha mkononi. Aliongeza, "Na tena hamfikiri. Saa kumi kila mzee wa jamii hii amekaa kando ya redio, kalamu mkononi, miwani usoni, simu mapajani. Nyinyi mnataka niizime?"

Wajumbe walitazamana. Mwenyekiti alisema, "Gaspard, hilo ni wazo zuri." Mzee Gaspard aliomba liandikwe. Limeandikwa.

Saa 10:00 Mzee Gaspard aliingia studio. Kwa kuwa ukuta ni mwembamba, Katibu aliweza kunukuu:

"Wazee wenzangu, jioni njema, namba ya kwanza inakuja. Lakini kwanza sikilizeni. Ile mashine ya kura haikuwakataa kwa ubaya, inamjua padri kuliko inavyowajua nyinyi. Leo, kwa saa mbili tu, zaliweni siku aliyosema padri. Kama hukumbuki alikuzaa lini, mpigie Lavina hapa ukumbini, atakutajia sikioni. Halafu mpigie mama wa Thunder Bay akufungulie. Kesho mtarudi kwenye siku zenu, hakuna atakayewauliza."

Simu ya ukumbi ililia kabla hajamaliza. Kuanzia hapo hadi saa 11:00 Katibu alipokea simu ishirini na tisa na hakuandika chochote, kwa hiyo sehemu hii ameijaza baadaye kwa msaada wa wajumbe. Mjomba wake mwenyewe aligundua kwamba kwa karatasi ni mkubwa kwa mke wake kwa mwezi mmoja, akataka mke aitwe simuni aambiwe. Bi. Scholastica Beaver alisema hawezi kuzaliwa siku moja na mtu ambaye hazungumzi naye, lakini alipoambiwa kura zimefika 281 alisema basi, kwa leo tu.

Bw. Darcy alikuwa akisoma hesabu kwa sauti kila dakika kumi: 274, 281, 287. Bi. Noreen alizituma Winnipeg, na huko nako watu wakaanza kuamshana. Ukumbi ulikuwa na wajumbe watatu tu lakini kelele zilikuwa za harusi. Mwenyekiti alisimama juu ya kiti. Ana umri wa miaka sabini na kitu na aliombwa ashuke.

Saa 10:40 Mzee Gaspard alinyamaza redioni katikati ya mchezo. Bi. Rosalie alipiga simu kulalamika kwamba amebakiza namba moja. Afisa wa Uchaguzi, aliyekuwa akisikiliza, alionya kwamba ni kosa kumnyima mtu mchezo ili apige kura. Mzee Gaspard alijibu hewani kwamba hamnyimi mtu kitu, anapumzisha koo, na mwenye muda wa bure anajua la kufanya. Koo lilipumzika dakika kumi na mbili. Bi. Rosalie alishinda mkungu wa ndizi na jozi ya glovu nene za ngozi ya paa.

Saa 11:10 hesabu ilisoma 296. Saa 11:20 ilisoma 298. Saa 11:30 ilisoma 298.

KUMB. NA. 6/7/2025: KURA YA MWENYEKITI

Bw. Darcy aliuliza kama kuna yeyote chumbani ambaye hajapiga kura. Alisema aliuliza kwa mzaha.

Mzee Gaspard, aliyekuwa amerudi kutoka studio, alisema yeye hajapiga. Bi. Noreen alipiga ukelele. Alipoulizwa sababu, Mzee Gaspard alisema barua yake iko mfukoni tangu mwezi wa pili. "Nilikuwa nangoja Philomene aniombe. Ananinyamazisha kila kikao. Nikasema, siku akiniomba kwa adabu, nitapiga."

Mwenyekiti alisema, "Ungengoja mpaka kiama." Kisha akasema kwamba naye hajapiga.

Hakuna aliyecheka. Mwenyekiti alieleza kwamba amejaribu mara tatu, akafungiwa, na kwamba yeye ni mmoja wa wale thelathini na wanne. Katibu alimkumbusha tarehe yake ya rejista, akamwomba apige simu afunguliwe, maana zimebaki dakika ishirini na saba.

Mwenyekiti alikataa. Alisema wengine wana haki ya kufanya walivyofanya na hawalaumu. Lakini yeye alipopelekwa kwa nguvu shule ya bweni ya kanisa akiwa mdogo walimkata nywele, wakambadilisha jina, wakamwambia umezaliwa mosi Julai, sema. Alisema alipigwa hadi akaisema. "Nimeapa sitaisema tena kwa kinywa wala kwa kidole. Na leo kura yenyewe ni ya kujiamulia mambo yetu. Niingie humo kwa mlango wa uongo wao?"

Bw. Darcy alisema, "Bibi, tafadhali. Ni tarakimu nane tu za kubonyeza." Mwenyekiti alisema anajua, na kwamba hajawahi kutaka kitu kama anavyoitaka hii kura, na kwamba hawezi.

Afisa wa Uchaguzi aliomba nafasi. Alisema kanuni zinamruhusu kusahihisha orodha hadi dakika ya mwisho, endapo wanachama wawili wataapa kwamba taarifa iliyopo si sahihi, mmoja akiwa ni mtu anayeijua iliyo sahihi kwa kushuhudia, si kwa kusimuliwa. Aliuliza kama yuko mtu hai aliyekuwepo Bi. Okeese alipozaliwa.

Mzee Gaspard alisema, "Yupo. Na ana kinyongo."

Baada ya kuapishwa kwa simu alieleza hivi. Alikuwa na miaka minane. Kambi yao ilikuwa nusu siku kutoka kwenye duka la biashara, ambako ndiko kulikuwa na redio pekee. Mwenye duka alisikia kwamba vita vya dunia vimekwisha Ulaya, akamwambia Gaspard akimbie awaambie watu. "Nilikimbia, mama. Barafu ilikuwa inaoza, nikatumbukia mpaka kiunoni, nikatoka, nikakimbia. Mjomba wangu alikuwa huko vitani. Nafika kwenye hema la kwanza, nafungua mdomo niseme vita vimekwisha, na mama yake huyu ameketi, ana kitu kidogo chekundu mikononi. Shangazi yangu akanigeukia akasema: nyamaza, mtoto amelala. Habari ya dunia nzima, nikaambiwa ninyamaze! Tangu siku hiyo mtu huyu ananinyamazisha."

Afisa wa Uchaguzi aliuliza, kwa sauti ya chini, kama ana uhakika na siku. Mzee Gaspard alisema siku hiyo imeandikwa duniani kote, aitafute mwenyewe. Alisema ni tarehe 8 Mei 1945.

Mwenyekiti alisema, "Ndiyo niliyoandika. Mara tatu."

Katibu aliapa akiwa wa pili, kuhusu kosa la rejista. Ilisikika sauti ya vitufe huko Thunder Bay. Saa 11:44 Afisa alisema, "Bi. Okeese, jaribu sasa."

Mwenyekiti alivaa miwani, akabonyeza kwa kidole kimoja, polepole, huku akitamka kila tarakimu. Mashine ikamkubali. Alipiga kura yake akiwa amewapa wajumbe mgongo, kama kanuni inavyotaka. Katibu alilia, na anaomba hilo liwemo kwa kuwa Bw. Darcy naye alilia na anasema hakulia.

Kisha Mwenyekiti alimgeukia Mzee Gaspard akasema, "Kaka Gaspard, nakuomba kwa adabu." Mzee Gaspard alipiga kura yake kwa tarehe ya padri, bila kinyongo, akisema yeye alishazoea kuwa na siku mbili za kuzaliwa na kula supu ya bata bukini.

Saa 11:50 hesabu ilibadilika. Ilisoma 302. Watu wawili zaidi walikuwa wamepiga kura katika dakika hizo hizo, haijulikani wapi, na haitajulikana nani alikuwa wa mia tatu. Bi. Noreen anadai ni binamu yake wa Winnipeg. Kilichofuata Katibu hawezi kukiandika kwa lugha ya kumbukumbu. Viti viwili vilivunjika. Mzee Gaspard alitangaza redioni na nje zikaanza kupigwa honi za pikipiki za theluji, na ya kwanza kusikika ilikuwa ya Bw. Clifford Wabasse. Kura ilifungwa saa 12:00 kamili ikiwa na watu 309. Kura zitafunguliwa na kuhesabiwa kesho saa 4:00 asubuhi.

KUMB. NA. 7/7/2025: MENGINEYO

Katibu aliagizwa kuanza kesho kutwa kuorodhesha wote walioandikwa mosi Julai na kutafuta mashahidi walio hai, kabla hawajaisha.

Mzee Gaspard aliwasilisha hoja kwamba kikao hiki kitamke rasmi kuwa Bi. Philomene Okeese alizaliwa tarehe 8 Mei 1945. Bi. Noreen aliunga mkono. Mwenyekiti alisema hawezi kuongoza kikao kinachojadili kuzaliwa kwake, akampisha Bw. Darcy kwenye kiti. Hoja ilipita bila kupingwa.

Mwenyekiti alirudi kitini. Alisema kwa kuwa jambo hilo limekwisha, anaona kuna taarifa moja ya Mzee Gaspard ambayo haikuwahi kupokelewa, na akamwomba asimame aitoe. Mzee Gaspard alisimama, akavua kofia, akasema vita vimekwisha.

Kikao kilipokea taarifa hiyo kwa shukrani.

KUMB. NA. 8/7/2025: KUFUNGA KIKAO

Mwenyekiti aliwaaga wajumbe saa 12:25 jioni, akawataka wafike kesho mapema wakiwa wameoga.

........................................
Philomene Okeese
Mwenyekiti

........................................
Lavina Wabasse
Katibu